Brexit Bila Mkalimani: Tathmini ya Huduma ya Video, Hansard na Orodha za Kura za Bunge la Uingereza

Kwa msomaji anayetaka kuelewa kwa nini vyama vikuu vya Uingereza vilishindwa kuafikiana juu ya namna ya kutoka katika Umoja wa Ulaya, yaani Brexit, ipo huduma ya bure ambayo naona wasomaji wa Kiswahili hatujaitumia vya kutosha, nayo ni ile inayotolewa mtandaoni na Bunge lenyewe la nchi hiyo. Ina sehemu tatu zinazotegemeana: kwanza ni parliamentlive.tv, ambayo hurusha vikao moja kwa moja na kuhifadhi video zake. Ya pili ni Hansard, yaani taarifa rasmi ya yaliyosemwa. Na ya tatu ni orodha za kura, ambazo huonyesha kila mbunge alikwenda upande gani. Nimezitumia zote kuandaa mada za somo la siasa, na kwa tathmini hii nimezipima kwa kipindi kimoja kigumu, kile cha Januari hadi Mei 2019. Katika miezi hiyo neno maridhiano lilitajwa na karibu kila aliyesimama kuzungumza, na maridhiano yenyewe hayakupatikana.

Nianze na mambo ya kawaida ambayo mtumiaji atataka kuyajua. Huduma haina malipo, haidai usajili, na hufunguka katika kivinjari cha simu kama inavyofunguka katika kompyuta. Video za vikao ni ndefu, nyingine za saa nyingi, na mwenye bando dogo atajikuta amelimaliza kabla hoja haijafika kwenye kura. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu nyingine nitakazozieleza, nashauri mtu aanzie kwenye Hansard, ambayo ni maandishi matupu na hufunguka hata mtandao ukisuasua, kisha aifungue video pale tu anapotaka kuona jambo kwa macho yake. Hansard hupatikana mapema mno, kwani hotuba huanza kuonekana mtandaoni takriban saa 3 baada ya kutolewa, na mtu anaweza kutafuta kwa tarehe, kwa jina la mbunge au kwa mada.

Kabla ya kuingia katika kura zenyewe, lazima msomaji ajue hesabu ya Bunge lile, kwa sababu huduma haimwelezi mgeni jambo hilo. Katika kura ya maoni ya tarehe 23 Juni 2016, asilimia 51.9 ya waliopiga kura walichagua kutoka na asilimia 48.1 walichagua kubaki. Waziri Mkuu Theresa May wa chama cha Conservative aliitisha uchaguzi mwaka uliofuata akitarajia kuongeza nguvu zake, akatoka na wabunge 317 katika Bunge la viti 650, jambo lililomlazimu kutegemea wabunge 10 wa chama cha DUP cha Ireland Kaskazini. Labour, chama kikuu cha upinzani chini ya Jeremy Corbyn, kilipata viti 262, na SNP ya Uskochi 35. Wabunge 7 wa Sinn Féin, chama cha Ireland Kaskazini kinachotaka kuungana na Jamhuri ya Ireland, hawakai Bungeni kwa msimamo wa chama chao, na Spika na manaibu wake hawapigi kura katika mazingira ya kawaida. Asiyeyajua haya ataduwaa kila mara jumla ya kura itakapopungua 650.

Mkataba ambao May aliufikia na Umoja wa Ulaya mwezi Novemba 2018 ulikuwa na kurasa 585, lakini ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya sehemu moja: mpango wa tahadhari kuhusu mpaka wa Ireland. Kama pasingepatikana utaratibu mwingine, Uingereza nzima ingebaki ndani ya eneo moja la forodha na Ulaya ili pasiwekwe vituo vya ukaguzi kati ya Ireland Kaskazini na Jamhuri ya Ireland. Wabunge wa Conservative waliotaka kutoka moja kwa moja waliona huo ni mtego usio na mlango wa kutokea, na DUP waliona kwamba Ireland Kaskazini ingetendewa tofauti na sehemu nyingine za nchi. Labour, kwa upande wake, ilitaka umoja wa forodha wa kudumu, na Corbyn aliyaweka masharti 5 ya chama chake katika barua ya tarehe 6 Februari 2019, umoja huo wa forodha ukiwa wa kwanza. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa sana maana yake, kwa kuwa Jumuiya yetu imekuwa umoja wa forodha tangu 2005: nchi wanachama hutoza ushuru wa aina moja kwa bidhaa za nje, na hivyo hakuna nchi moja inayoweza kujipangia peke yake ushuru wa biashara na dunia. Kwa Conservative wengi, uhuru wa kujipangia ushuru ndio uliokuwa tunda lenyewe la kutoka.

Sasa tuiingie video. Anayefungua kikao cha tarehe 15 Januari 2019 anaweza kuruka hotuba zote na kwenda mwisho, lakini nashauri asiruke utaratibu wa upigaji kura, kwa sababu ndio unaofanya huduma hii ivutie. Spika huuliza swali, wabunge hujibu kwa sauti kama tunavyosikia Dodoma, na sauti zikipingana hawaishii kwenye kauli ya kwamba waliosema ndiyo wameshinda. Kengele hulia katika jengo zima, wabunge hupewa dakika 8 za kuingia katika korido mbili, ya ndiyo iliyo kuliani mwa Spika na ya siyo iliyo kushotoni kwake, kisha milango hufungwa. Wahesabu kura ni wanne, wawili wa kila upande. Wakirudi ukumbini hujipanga mstari mmoja mbele ya meza wakimwelekea Spika, na wale wa upande ulioshinda husimama kulia. Kwa hiyo ukumbi hupiga kelele kabla tarakimu hazijasomwa, na mtazamaji aliyekwisha kuijua siri hiyo ndogo hupata matokeo pamoja na wabunge, sekunde chache kabla ya watu wengine wote.

Siku ile matokeo yalikuwa kura 202 za kuunga mkono na 432 za kupinga, tofauti ya kura 230, ambayo ndiyo kushindwa kukubwa zaidi kwa serikali katika historia ya kisasa ya Bunge hilo. Video hukuonyesha kishindo, lakini jambo la maana limo katika orodha ya majina. Wabunge 118 wa Conservative walimpinga kiongozi wao, na katika korido moja walipita Boris Johnson na Jacob Rees-Mogg, waliosema mkataba unaiacha nchi mguu mmoja ndani ya Ulaya, bega kwa bega na wabunge wa SNP na Liberal Democrats, waliotaka nchi isitoke kabisa. Magazeti ya siku iliyofuata yaliandika kwamba Bunge limeukataa mkataba. Orodha ilikuwa ikisema jambo zaidi ya hilo, kwamba mkataba umekataliwa na watu wasioweza kukubaliana juu ya mbadala wowote. Siku iliyofuata serikali iliyotoka kushindwa vibaya namna hiyo iliponea katika kura ya kutokuwa na imani nayo kwa kura 325 dhidi ya 306, kwa kuwa Conservative waasi na DUP walirudi kuiunga mkono. Hakuna uchambuzi niliousoma unaoonyesha jambo hilo kwa uwazi kama orodha hizo mbili zinavyolionyesha zikifunguliwa pamoja.

Huduma ya orodha za kura inamruhusu mtumiaji kumfuata mbunge mmoja kutoka kura moja hadi nyingine, na hapa ndipo nilipotumia muda mwingi zaidi. Mkataba ulirudishwa tarehe 12 Machi ukashindwa kwa kura 391 dhidi ya 242, na waasi wa Conservative walikuwa 75. Ulirudishwa tena tarehe 29 Machi, safari hii bila tamko la kisiasa, la uhusiano wa baadaye na Ulaya, lililokuwa limeambatanishwa nao, kwa sababu Spika John Bercow alikuwa ameonya kwamba swali lile lile haliwezi kuulizwa mara kwa mara katika kipindi kimoja cha Bunge, akitegemea desturi ya tangu 1604. Ukashindwa kwa kura 344 dhidi ya 286. Waasi walikuwa wamebaki 34, na Johnson na Rees-Mogg walikuwa wamehamia korido ya ndiyo. Mkataba haukuwa umebadilika hata nukta. Kilichobadilika ni kwamba siku mbili kabla May aliwaahidi wabunge wake kuwa angeng'atuka kama ungepita. Kati ya wale 34, wabunge 28 walikuwa wagumu wa kutaka kutoka, na 6 walikuwa wanataka uhusiano wa karibu zaidi na Ulaya au kura nyingine ya maoni. Upande wa Labour, wabunge 5 tu ndio waliovuka.

Ninazitaja tarakimu hizi kwa makusudi, kwa sababu mara nyingi tunasimuliwa kwamba maridhiano hukwama pale viongozi wanapokosa busara au hekima. Mwenye kuzikagua orodha ataona jambo la kawaida zaidi. May alihitaji kugeuza kura 30 tu siku ile, na angeweza kuzipata kwa njia mbili: kutoka kwa wagumu wa chama chake au kutoka kwa Labour. Kila hatua ya kuwafuata wale ilimpotezea hawa, na kila hatua ya kuwafuata hawa ilimpotezea wale, pamoja na DUP, ambao hawakuupigia mkataba kura ya ndiyo hata mara moja kati ya hizo tatu.

Kikao ambacho ningemshauri mtu akitazame chote ni kile cha tarehe 1 Aprili 2019. Wiki iliyotangulia, baada ya hoja ya Oliver Letwin, mbunge wa Conservative, kupita kwa kura 329 dhidi ya 302, wabunge waliinyang'anya serikali mamlaka ya kupanga shughuli za siku ili wapige kura za kupima maoni. Tarehe 27 Machi waliwekewa mapendekezo 8, kila mbunge akipewa karatasi ya kujaza badala ya kupita katika korido, na yote 8 yakakataliwa. La kutoka bila mkataba lilipata kura 160 dhidi ya 400. La Margaret Beckett wa Labour, lililotaka mkataba wowote upelekwe kwa wananchi, lilipata kura 268 za ndiyo, nyingi kuliko jingine lolote, likashindwa kwa 295. La Kenneth Clarke, mkongwe wa Conservative aliyetaka umoja wa forodha, lilishindwa kwa kura 8 tu kama matokeo yalivyotangazwa ukumbini: 264 kwa 272.

Mapendekezo yalipopunguzwa kuwa 4 tarehe 1 Aprili, umoja wa forodha ulishindwa kwa kura 3. Ni 273 kwa 276. Pendekezo la kubaki katika soko la pamoja la Ulaya na utaratibu wa forodha, lililosimamiwa na Nick Boles wa Conservative, lilipata 261 dhidi ya 282, na kura ya wananchi 280 dhidi ya 292. Ukifungua majina utaona mambo mawili. Baraza la Mawaziri liliagizwa lisipige kura, kwa hiyo watu ambao wangetakiwa kuutekeleza uamuzi hawakusema wanauonaje. La pili ni kwamba wabunge wa SNP, ambao wangetosha mara kadhaa kuziba pengo la kura 3, hawakumpa Clarke kura zao, kwa kuwa umoja wa forodha bila soko la pamoja ulikuwa pungufu ya kile walichokitaka. Kila kundi liliona chaguo la pili la jirani yake kuwa ni tishio kwa chaguo lake la kwanza. Wapo waliopendekeza kwamba wabunge wapange mapendekezo kwa namba, la kwanza, la pili, la tatu, ili mojawapo lilazimike kushinda. Hilo halikufanyika, kila pendekezo liliulizwa peke yake, ndiyo au siyo, na mbunge aliyetaka kuandika siyo mara nne aliruhusiwa kufanya hivyo bila kuulizwa basi anataka nini. Naona kasoro hiyo ya utaratibu iliharibu mengi kuliko ukaidi wa mtu yeyote mmoja.

Baada ya matokeo kusomwa, Boles alisimama. Katika Hansard maneno yake ni aya fupi: amejitahidi kadiri ya uwezo wake kutafuta maridhiano, ameshindwa hasa kwa sababu chama chake kinakataa kuridhiana, na kwa hiyo hawezi kuendelea kukaa katika chama hicho. Katika video kuna zaidi. Sauti yake inakwama, mwenzake wa chama anasikika akimsihi asiondoke, naye anakusanya karatasi zake na kutoka ukumbini huku upande wa pili ukimpigia makofi, jambo ambalo desturi za Bunge hilo hazilipendi. Huo ndio mfano bora wa kwa nini sehemu tatu za huduma hii zinahitajiana. Hansard haiandiki kila sauti. Waandishi wake huondoa marudio na makosa ya wazi ya ulimi, na makelele ya ukumbi mzima huweza kufupishwa kwa neno moja lililofungwa katika mabano. Mtu anayesoma bila kutazama anaweza kuamini kwamba Bunge lile lilikuwa darasa lenye nidhamu.

(Katika mjadala huo huo wa tarehe 1 Aprili utawaona pia waandamanaji wa mazingira wakiwa nusu uchi nyuma ya kioo cha jukwaa la wageni, na wabunge wakijitahidi kuhutubia kana kwamba hawaoni kitu. Siku tatu baadaye, tarehe 4 Aprili, maji yalianza kuvuja ukumbini kutoka juu na kikao kikalazimika kuahirishwa. Wenye kupenda ishara walifurahi sana wiki ile.)

Usiku wa tarehe 3 Aprili nao unastahili nafasi. Pendekezo la kuongeza siku nyingine ya kura za kupima maoni lilifungana, 310 kwa 310, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1993, wakati wa mvutano juu ya Mkataba wa Maastricht, ambao nao ulikuwa mgogoro wa Conservative na Ulaya. Spika akapiga kura yake ya uamuzi upande wa siyo, akieleza kwamba kwa desturi si kazi ya Spika kuunda wingi pale ambapo Bunge lenyewe halijauunda. Saa chache baadaye muswada wa Yvette Cooper wa Labour, wa kumlazimisha Waziri Mkuu kuomba muda zaidi ili nchi isitoke bila mkataba, ulipita kwa kura 313 dhidi ya 312. Bunge liliweza kukubaliana, kwa kura moja, juu ya jambo ambalo halitaki.

Hapo ndipo kamera inapoishia, na hapa lazima niseme wazi kile ambacho huduma hii haiwezi kumpa mtu. Tarehe 2 Aprili, baada ya kikao cha Baraza la Mawaziri cha takriban saa 7, May alitangaza kwamba atazungumza na Corbyn ili watafute mpango mmoja. Mazungumzo yalianza siku iliyofuata na kuendelea hadi tarehe 17 Mei, David Lidington na Michael Gove wakiwa miongoni mwa wawakilishi wa serikali, na Keir Starmer, John McDonnell na Rebecca Long-Bailey wakiwa miongoni mwa wawakilishi wa Labour. Yote yalifanyika katika vyumba vya faragha. Kwa wiki 6 ambazo zilikuwa kiini cha suala zima la maridhiano, parliamentlive.tv inakupa maswali ya Jumatano kwa Waziri Mkuu na majibu ya mkato ya kwamba mazungumzo yanaendelea kwa moyo wa kujenga. Siasa hupigiwa danadana hadharani, na mtazamaji asitarajie zaidi ya hapo.

Hata hivyo, aliyekwisha kusoma orodha za kura anaweza kujua kwa nini mazungumzo hayo hayakuwa na maisha marefu. May alikuwa ameshaahidi kuondoka. Labour iliuliza, na swali lilikuwa la haki, ni nani atakayemfunga mrithi wake asiyatupe makubaliano siku ya kwanza ofisini. Kila jibu lililotolewa lingehitaji sheria, na sheria inaweza kufutwa na Bunge lijalo. Starmer alisema hadharani kwamba huenda wabunge 150 hivi wa Labour wasingeunga mkono mpango usioambatana na kura ya wananchi, na kwa upande wa pili mawaziri wa zamani zaidi ya 10, pamoja na Graham Brady aliyeongoza kamati ya wabunge wa kawaida wa Conservative, walimwandikia May kumwonya asikubali umoja wa forodha. Wapiga kura nao walikuwa wameshatoa hukumu ya awali: katika uchaguzi wa mabaraza wa tarehe 2 Mei, Conservative walipoteza zaidi ya viti 1,300, na Labour, ambao kwa kawaida wangenufaika, nao walipoteza. Viongozi wawili walikaa meza moja, lakini hakuna hata mmoja aliyekuwa na hakika kwamba wabunge wake wangemfuata akitia sahihi. Corbyn alipoandika barua ya kuyafunga mazungumzo tarehe 17 Mei, hoja yake kubwa ilikuwa hiyo hiyo, udhaifu wa serikali inayokaribia kubadili kiongozi. Wiki moja baadaye May alitangaza tarehe ya kujiuzulu.

Kuhusu kasoro za huduma yenyewe, kubwa kwangu ni moja. Orodha za kura humweka mbunge asiyepiga kura katika kundi moja tu, la wale ambao kura yao haikurekodiwa, na kundi hilo linachanganya aliyekuwa mgonjwa, aliyekuwa safarini, aliyekubaliana na mpinzani wake kwamba wote wawili wasipige, na aliyekaa kimya kwa makusudi. Pendekezo linaposhindwa kwa kura 3, tofauti kati ya watu hao ndiyo habari yenyewe. Mtumiaji hulazimika kurudi kwenye Hansard na magazeti kutafuta nani alikuwa wapi. Kasoro nyingine ni ndogo: lugha ni Kiingereza cha kibunge chenye istilahi za kale ambazo hazifafanuliwi pembeni, na anayeanza atachanganyikiwa pale hoja, marekebisho ya hoja na marekebisho ya marekebisho yanapopigiwa kura kwa mfululizo usiku mmoja. Kwa hilo, Taarifa Rasmi za Bunge la Tanzania zina faida ya wazi kwetu, kwa kuwa ni za Kiswahili na mtu huzisoma bila kamusi, ingawa kwa kuwa maamuzi yetu mengi hupita kwa sauti, nje ya kura ya bajeti ambayo wabunge huitwa majina, huwezi kuzitumia kumfuata mbunge mmoja mmoja kwa namna niliyoieleza.

Kwa upande wa vikao vya kamati sina malalamiko. Kamati ya Brexit iliyoongozwa na Hilary Benn iliwahoji mawaziri na wataalamu wa forodha kwa utulivu usiopatikana ukumbini, na mtu anayetaka kuelewa lori la maziwa linavukaje mpaka wa Ireland atafaidika zaidi huko kuliko katika hotuba kumi za viongozi.

Anayetaka kuendelea mbele ya Mei 2019 atakuta mambo yanakwenda kasi zaidi na, kwa maoni yangu, yana mafunzo machache zaidi kuhusu maridhiano, kwa sababu Boris Johnson, aliyemrithi May, hakuyatafuta kwa njia ile. Septemba aliwafukuza wabunge 21 kutoka kundi la chama chake, Clarke akiwamo. Oktoba alikuja na mkataba mwingine uliohamisha ukaguzi kwenda kati ya Ireland Kaskazini na Uingereza bara, na tarehe 19, Jumamosi, Bunge lilikaa kikao cha kwanza cha siku hiyo ya wiki tangu vita vya Falkland mwaka 1982. Desemba aliwaendea wapiga kura, akapata viti 365, na ulazima wa kuafikiana na mtu yeyote ukaisha. Uingereza ilitoka tarehe 31 Januari 2020. Mkataba wa biashara ulipofika Bungeni tarehe 30 Desemba mwaka huo, ulipitishwa kwa siku moja, kura 521 dhidi ya 73. Msomaji wa Kenya anaweza kuongeza jambo moja kwenye orodha yake ya kutafuta: mkataba wa biashara kati ya nchi yake na Uingereza, uliotiwa sahihi London tarehe 8 Desemba 2020 ili maua na chai viendelee kuingia bila ushuru baada ya Uingereza kuuacha utaratibu wa Ulaya. Nyaraka zake zilipitia Bunge hilo hilo, na mjadala wake unatafutika kwa njia hizo hizo.

Kwa anayeanza, mpangilio ninaoupendekeza ni huu: asome Hansard ya tarehe 15 Januari 2019 katika sehemu ya mwisho tu, afungue orodha ya majina ya siku hiyo, aruke hadi tarehe 29 Machi na kulinganisha majina, kisha atazame video ya tarehe 1 Aprili kuanzia matokeo yanaposomwa. Hiyo ni kazi ya jioni moja na haitamaliza bando. Naipa huduma hii nyota 4 kati ya 5. Ya tano ningeitoa iwapo mbunge asiyepiga kura angetakiwa kuandika sababu yake mbele ya jina lake.